Mkono wa Kushoto Unapokea

Kwetu Garnet Flat hakuna anayelipwa kwa kukaa kwenye bodi ya shule, ndiyo maana hakuna anayekigombea kiti hicho mpaka awe na hasira na mtu. Wajumbe ni saba. Tunawachagua kwa kura, wanakutana maktabani kila mwezi, wanaamua nani aajiriwe kufundisha, basi lipite njia ipi na paa la jengo la michezo lizibwe lini, kisha wanasemwa dukani, kanisani na kwenye foleni ya posta mpaka kikao kingine. Oleta Stegall alikaa kwenye bodi hiyo miaka mingi, na maneno yote ya watu aliyameza bila hata kukunja uso.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kusema mara moja. Msimu wa pamba alifanya kazi kwenye kibanda cha mizani ya pamba pale kiwandani, na wakulima walikwishajua kwamba kumbembeleza aongeze uzito ni kujichosha. Watu walimtania kwamba ukimkanyaga mguu atauliza kwanza kama kanuni inaruhusu kupiga kelele. Walimheshimu. Kumpenda ni jambo lingine, na yeye mwenyewe alilijua.

Lakini si kanuni zilizomwingiza kwenye bodi. Binti yake Renna aliacha shule akiwa mjamzito, hakupanda jukwaa la mahafali, na miaka miwili baadaye gari likampindukia kwenye barabara ya kwenda mji wa Lubbock akafa. Aliacha mtoto wa kike, Marlee Quillen. Sasa kwetu ipo desturi: siku ya mahafali wajumbe wa bodi husimama mstari mmoja jukwaani, kule uwanja wa mpira, na mwenye mtoto au mjukuu anayehitimu hutoka mstarini akamkabidhi cheti kwa mkono wake mwenyewe. Haikuandikwa popote. Oleta, mtu wa maandishi kuliko wote, aliishi akiingojea hiyo moja isiyoandikwa.

Alianza kumfundisha Marlee kabla mtoto hajang'oa meno ya utoto. Walisimama jikoni, Oleta ameshika sahani ya chai.

"Kushoto unapokea, kulia unashikana mkono," alisema. "Ukichanganya, picha inaharibika."

"Bibi, si sahani tu hii."

"Leo sahani. Rudi mlangoni, njoo tena."

Na mtoto alirudi mlangoni, akaja tena, huku babu yake Hoyt akipiga makofi mezani na kuita majina kama mkuu wa shule. Siku yenyewe jalada la cheti linalotolewa jukwaani huwa tupu, kila mjumbe anajua hilo. Cheti chenyewe mwanafunzi anakichukua ofisini baada ya kurudisha joho. Oleta hakujali. Alichotaka ni kule kutoka mstarini.

Kanuni moja, hata hivyo, ilikuwa yake mwenyewe. Kulikuwa na miaka ambapo wanafunzi wa mwaka wa mwisho, msimu wa mpira ukiisha tu, wanaonekana shuleni kwa kubahatisha. Oleta akaleta hoja: anayekosa vipindi kupita kiasi mwaka wa mwisho hapandi jukwaani, cheti chake kitakwenda kwa posta, na asiwepo wa kupendelewa. Maneno hayo ya posta yalikuwa yake. Wenzake wakakubali, wengine shingo upande.

Mtu wa kwanza kuumia alikuwa Cade Prather. Baba yake alivunjika mgongo, na kijana akaenda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta siku ambazo angekuwa darasani. Masomo alifaulu, mahudhurio ndiyo yalimponza. Mama yake, Wynona, anayepika kwenye mgahawa wa njia panda, alikuja kikaoni kumwombea. Bodi huwapa wananchi dakika tatu kila mmoja, na wajumbe hawaruhusiwi kujibu. Muda ulipimwa kwa saa ya jikoni yenye umbo la kuku, ambayo Oleta ndiye aliyeileta kutoka kwake. Wynona alikuwa katikati ya kueleza jinsi mwanawe alivyokuwa analala na viatu, kuku akalia.

"Asante, mama," Oleta alisema. "Muda wako umekwisha."

Wynona akakaa. Ombi likaangushwa, cheti kikaenda kwa posta. Mwezi wa kumi na moja, uchaguzi ulipofika, Wynona Prather aligombea, akapita kwa kura nyingi, akaja kukaa upande wa pili wa meza ile ile, akitazamana na Oleta. Hakumnunia, na alimsalimia kila kikao. Oleta angependelea anuniwe.

Msimu huo huo wa pamba Hoyt alipata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala na maneno yanamtoka yamevunjika vunjika, lakini ubishi wake ulirudi mzima. Oleta alisema ataacha mizani akae nyumbani. Hoyt akakataa kabisa.

"Mimi si mtoto," alisema. "Nenda kazini. Chai naweka. Nguo navaa."

Na kweli, Oleta aliondoka kabla hakujakucha, akirudi jioni anamkuta mume wake amekaa kwenye kiti chake, amenyolewa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akamshukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Barua ya shule ilifika wakati wa kupanda pamba. Marlee alikuwa amekosa kipindi cha kwanza mara nyingi mno katika msimu wa pamba. Hapandi jukwaani. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki hizo alikuwa barabarani huko Georgia, kwa hiyo binti alikuja na barua yake kwa bibi.

"Ulikuwa wapi?" Oleta aliuliza.

"Nilichelewa kuamka."

"Siku zote hizo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ulijua kanuni ni ya nani. Ulijua."

"Nilijua."

Oleta alimsema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Oleta ilikuwa mbaya kuliko ya juu. Alimwambia mama yake hakuipata nafasi hii, na yeye ameitupa kwa usingizi. Marlee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka barua mezani, akaenda sebuleni kumbusu babu yake, akaondoka. Hoyt hakula chakula cha jioni. Oleta alidhani ni hasira kama yake.

Marlee aliandika kuomba afikiriwe, sentensi mbili tu, bila sababu. Ombi likapangiwa kikao cha mwezi uliofuata. Kwa kanuni ya bodi, mjumbe hapigi kura wala hasemi neno juu ya ndugu yake. Anatoka nje, anakaa kwenye korido mpaka aitwe. Oleta alikuwa tayari kukaa koridoni. Aliona ni haki, ingawa ilimuuma kama jino.

Jumapili kabla ya kikao walikuwa wanajiandaa kwenda kanisani. Oleta, ambaye sasa mizani ilikuwa imefungwa na kila siku alikuwepo nyumbani, alikuwa akimfunga Hoyt vifungo vya shati kama alivyofanya kila asubuhi tangu pamba iishe. Mikono yake ikasimama kifuani kwa mzee.

"Hoyt. Wakati wa pamba nani alikuwa anakufunga?"

"Mwenyewe."

Oleta akavifungua vyote, akarudi nyuma hatua moja. "Haya, jifunge."

Hoyt alijaribu. Mkono wa kushoto ulikishika kifungo, ukakipoteza, ukakishika tena. Oleta aliusimamia mkono ule kwa macho bila kumsaidia, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Mwishowe mzee akauachia mkono ukaanguka pajani.

"Alikuwa anapita asubuhi," alisema. "Ananinyoa. Ananivalisha. Uji ananilisha, maana kijiko... Nilimwapisha asikwambie. Ungeacha kazi. Au mngenipeleka kule kwa wazee."

"Na ulikaa kimya nilipokuwa namsema."

"Nilikaa kimya."

Oleta alikaa kitandani. Hakulia, ila alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni, aibu ya kumsema mtoto aliyekuwa akifanya kazi yake yeye. Hawakwenda kanisani siku hiyo.

Akamwendea Marlee, akamwambia aende mbele ya bodi aseme mwenyewe. Marlee akakataa.

"Nilimwahidi Babu."

"Babu yako amekwishasema."

"Amekwambia wewe. Hajawaambia watu wote wa Garnet Flat kwamba nilikuwa namwogesha."

Kumnong'oneza mwenyekiti pembeni, Oleta asingeweza. Alikwishawahi kumwaibisha mjumbe mwingine kikaoni kwa jambo hilo hilo. Hoyt mwenyewe maneno yasingemtosha, na hata yangemtosha, angekufa kwanza. Ilibaki njia moja. Mjumbe hasemi, lakini mwananchi ana dakika zake tatu. Ili awe mwananchi ilibidi aache kuwa mjumbe, na mwananchi hasimami jukwaani, hatoki mstarini, hamkabidhi mtu chochote. Oleta aliyazungusha hayo kichwani usiku na mchana, akitafuta upenyo. Hakuupata, na kanuni zile alizifunga mwenyewe.

"Niseme?" alimwuliza Hoyt.

"Sema. La kuogeshwa acha."

Maktaba ilijaa siku ya kikao, maana kwetu habari hazihitaji kutangazwa. Oleta aliingia, badala ya kwenda kwenye kiti chake akampa mwenyekiti karatasi ya kujiuzulu. Mwenyekiti alikuwa Doyle Bratcher, daktari wa mifugo, mtu mpole asiyependa mshtuko.

"Oleta, kaa chini kwanza tuzungumze."

"Pokea, Doyle. Halafu niandike kwenye orodha ya wananchi."

Bodi ikaipokea. Wakabaki sita. Oleta akakaa kwenye viti vya watu, kati ya mwanamke mwenye mtoto mchanga na mzee wa duka la mbegu, akangoja jina lake liitwe. Lilipoitwa akasimama, Doyle akaizungusha saa ya kuku.

Alisema kwamba mume wake alipougua alihitaji mtu asubuhi, na yeye hakuliona hilo kwa sababu hakutaka kuliona. Alisema mtu huyo alikuwa mjukuu wake, na kwamba aliahidi kunyamaza akaitimiza ahadi yake hata alipokuwa anaadhibiwa. Hapo watu wakainamisha vichwa. Hakutaja kuogeshwa. Kisha akageuka kidogo, akawa anaangalia upande aliokaa Wynona Prather.

"Sikuja kusema kanuni ilikuwa nzuri kwa watoto wa wenzangu na mbaya kwa wangu. Mwaka jana, hapa hapa, nilipo—"

Kuku akalia.

"Malizia tu, Oleta," Doyle alisema. "Hakuna anayekukimbiza."

"Muda umekwisha," Oleta alisema, akakaa.

Wajumbe wakapiga kura kwa kuinua mikono. Watatu walikubali Marlee apande jukwaani, wawili wakakataa, wakisema kanuni ikichezewa leo haitasimama kesho, maneno ambayo Oleta aliyatambua kuwa yake. Wynona alikuwa hajainua mkono upande wowote. Kwetu kura zikilingana ombi limeanguka.

"Wynona?" Doyle aliuliza.

"Nafikiri," Wynona alisema. Alifikiri mpaka mtoto mchanga akaanza kulia na mama yake akamtoa nje. "Nitakubali. Lakini mwanangu naye aitwe jina mwaka huu, pamoja na hawa. Na hiyo kanuni ifutwe."

"Inawezekana kumwita aliyemaliza mwaka jana?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi sijui. Anayejua ametoka kujiuzulu," Wynona alisema, na watu wakacheka kidogo, hata Oleta mdomo ulimcheza.

Ikapita.

Siku ya mahafali upepo ulivuma kutoka kwenye mashamba na vumbi likawaingia watu machoni, kama kawaida ya mwezi wa tano. Wajumbe sita walisimama jukwaani. Oleta na Hoyt walikaa safu ya chini, pembeni, mahali pa viti vya magurudumu, ingawa Hoyt alikuwa amekuja kwa miguu yake na fimbo. Oleta alikuwa amevaa lile gauni la buluu alilolinunua zamani kwa ajili ya siku hii.

Majina yaliitwa kwa alfabeti. Ilipofika herufi ya P, Wynona alitoka mstarini kabla hajaambiwa. Alichukua jalada, akasimama katikati ya jukwaa, akajinyoosha.

"Cade Prather," mkuu wa shule aliita.

Hakuna aliyesimama. Wahitimu wakageuza shingo. Mkuu wa shule akasubiri, akaita tena, safari hii taratibu zaidi, kana kwamba kijana yupo nyuma ya viti anatafuta kofia yake. Wynona aliendelea kusimama, jalada kwenye mkono wa kushoto, wa kulia tayari mbele. Oleta alimwona vizuri kutoka pale alipokaa. Aliona jinsi ule mkono wa kulia ulivyoanza kushuka, kidogo kidogo, mpaka ukafika kwenye sketi ukabaki hapo.

"Marlee Quillen," mkuu wa shule aliita.

Marlee alipanda ngazi. Doyle ndiye aliyepangiwa kumkabidhi, lakini Wynona alikuwa bado amesimama pale pale katikati, na Doyle hakuwa mtu wa kumwambia mwanamke asogee. Wynona akaliweka la mwanawe kwapani, akapokea jingine, akamkabidhi Marlee. Kushoto akapokea, kulia wakashikana mkono, picha ikatoka nzuri. Hoyt alipiga goti lake kwa mkono mzima. Oleta alipiga makofi na wenzake, wala hakujisikia furaha aliyoingojea miaka yote ile. Nusu ya macho yake ilikuwa kwenye kile kitu kilichokuwa kwapani kwa Wynona.

Watu walipotawanyika kwenda kupiga picha, Wynona alishuka, akaja moja kwa moja.

"Alisema atakuja?" Oleta aliuliza.

"Alisema ataangalia. Na mtu akisema ataangalia..." Wynona alisafisha vumbi kwenye jalada kwa kiganja. "Ile sentensi yako hukuimaliza siku ile."

"Nilitaka kusema kwamba—"

"Mimi usinimalizie. Mimi nimekwishazoea." Akamnyooshea jalada. "Yuko kambi ya wafanyakazi, barabara ya Midland, kabla ya daraja la reli. Mmalizie yeye."

"Mimi si mjumbe tena, Wynona. Sina haki ya kumkabidhi mtu."

"Hapo ndipo pazuri," Wynona alisema.

Asubuhi yake Oleta aliendesha pikapu peke yake. Kambi ilikuwa mabanda ya bati yaliyopangwa kwenye changarawe, na vijana wa zamu ya usiku walikuwa wamekaa nje wakila mayai na mikate kwenye vyombo vya karatasi. Cade alimtambua kabla hajashuka. Alisimama, akafuta midomo, akamsogelea, kifua kimepanuka kuliko cha mwaka jana na nywele zimejaa mafuta ya mitambo.

"Habari za asubuhi, Mama Oleta. Kuna mtu amefariki?"

"Hapana. Mama yako mzima. Anasema umpigie simu."

"Nitampigia."

Oleta alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yalitoka bila mpangilio. "Mwaka jana mama yako alipokuwa anakuombea mimi sikusikiliza. Nilikuwa namwangalia kuku."

"Kuku gani?"

"Saa ya jikoni." Akaona kijana anajizuia kucheka. "Nilikosea, Cade. Hiyo ndiyo sentensi."

Cade alitazama chini, akasukuma changarawe kwa ncha ya kiatu. Wenzake nyuma walikuwa wameacha kula.

"Mimi cheti ninacho," alisema. "Kilikuja kwa posta."

"Najua. Hili ni ganda tu, halina kitu ndani."

"Sasa umekuja mwendo wote huu na ganda?"

"Ndiyo."

Kijana akatikisa kichwa, lakini akafuta mikono kwenye suruali, pande zote mbili, kwa makini. Oleta akajinyoosha kama walivyofundishwa wajumbe wote waliopita jukwaani, jalada kwenye mkono wa kushoto, wa kulia mbele. Cade akalipokea kwa mkono wa kulia, akasema asante, akalifungua kuona kama kweli ni tupu. Mkono wa Oleta ukabaki hewani. Mazoezi ya mahafali, ambako wanafunzi hufundishwa mkono wa kupokelea, hufanyika wiki ya mwisho, na mwaka ule bodi ndiyo iliyomwambia Cade asije.